Fomu Iliyomtaka Mama Amtaje Baba Mkwe

Izmir, Uturuki

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo mama. Mugonile. Goti linasemaje, na ile dawa ya kuchua niliyokutumia imesaidia au umewagawia majirani kama kawaida yako? Mvua za huko zimepungua? Mdogo wangu Sekela aliniambia njia ya kwenda mtoni imekatika tena na mnazunguka kwa juu. Mimi huku ni mzima. Chakula kinashuka, usingizi unakuja, kifua kile cha mwaka jana hakijarudi. Ninachoumwa ni hasira tu, na hiyo ndiyo iliyonikalisha kitako niandike.

Barua anakuletea yule binti kutoka Ngana anayesomea uuguzi huku, anakuja likizo. Nimemwambia akupe mkononi, asimpe mtu mwingine. Ningeweza kupiga simu, lakini simu ya nyumbani mnaiweka sauti ya juu na nusu ya Makwale inakuja kusikiliza, na haya ni ya kwako. Isome taratibu, umekaa. Najua unasoma kwa kutamka, kwa hiyo usiwe na wasiwasi: lile jina sitaliandika humu hata mara moja. Hutakutana nalo njiani.

Kwanza nikupe habari za huku, usije ukadhani nimefukuzwa kazi. Kazi ni ileile ya kutengeneza tovuti za hoteli. Mgeni anaingia kwa simu yake, anachagua chumba, analipa, anafika. Bosi si mtu mbaya, ila akiongea na mimi anapaza sauti kana kwamba mimi kiziwi. Chai yao wanakunywa kwenye vigilasi, bila maziwa. Wali wao wanaukaanga na siagi, wanauita pilau. Pilau gani, mama? Hauna iliki, hauna mdalasini, haunukii hata kidogo! Siku moja nilipika mchele wetu uliokuwa umebaki chini ya mfuko, mwenye nyumba akapanda ngazi kuja kuniuliza nimenyunyizia nini. Nikamwambia sijanyunyizia kitu, ndivyo ulivyo. Akaondoka akitikisa kichwa. Hakuniamini yule.

Haya, tuje kwenye lile la ghalani.

Sekela alinipigia siku ileile. Alianza kwa kulia, nikajua kuna msiba. Nikamwambia sema haraka ni nani. Akasema hakuna aliyekufa, ila mama amedhalilishwa. Nakuandikia nilivyoelezwa, na kama ameongeza chumvi utanisahihisha.

Eti mlipanga foleni ghalani, wakulima wote wa kokoa, muandikishwe kwenye mfumo mpya, maana msimu ukifunguliwa asiye na namba ya mkulima kokoa yake haipokelewi. Karani ni kijana mgeni, ameshika kishikwambi. Akakuuliza shamba umelipata kwa nani, ukasema kwa marehemu mume wako. Akaangalia daftari la zamani la chama cha ushirika, akakuta halina jina la baba, bado liko kwa jina la aliyelipanda. Akasema, “Mmiliki wa kwanza ni nani? Mtaje.” Ukanyamaza.

Mzee jirani yetu akajitolea. “Kijana, mimi namjua, ngoja nikutajie.” Karani akamkata kauli: “Sikukuuliza wewe. Mfumo unataka mkulima aseme mwenyewe.”

Mama, hapo ndipo ninapotaka kurusha kiti. Jina lilikuwa mbele ya macho yake! Daftari liko wazi, analisoma! Hakuwa anatafuta habari, alitaka tu litoke kinywani mwako, eti uhakiki. Ukamwambia kwa adabu, “Twende nyumbani mwanangu, si mbali, nikuonyeshe kaburi lake, limeandikwa.” Akacheka. Mtu unampa heshima ya kumwita mwanangu, anacheka!

Halafu akaja kwenye ndugu wa karibu. Mtoto wako mkubwa anaitwa nani? Ukasema, “Mimi namwita Mche.” Akasema anataka jina la kwenye kitambulisho, yeye haandikishi miche pale. Foleni ikaangua kicheko. Na yeye, alipoona wamecheka, akanogewa, akaongeza kwamba mama huyu shamba halijui ni la nani na mtoto wake hamjui ni nani. Kisha kwa kuwa kile kisanduku kinawaka rangi nyekundu kikiachwa wazi, akaandika “hajulikani.” Akabonyeza. Mashine ikalitupa shamba letu kwenye mashamba yenye utata, na wewe ukajifunga khanga yako, ukaondoka, ukamwambia Sekela hutakanyaga pale tena.

Hajulikani! Babu yangu hajulikani! Mtu aliyebeba ile miche ya kokoa kwa mabega, akaipanda mmojammoja chini ya migomba wakati watu wanamcheka kwamba analima dawa. Na mimi ndiye niliyezaliwa msimu ule, nikapewa jina lake, na wewe usiyeweza kulitaja ukaniita Mche. Kijiji kizima kikafuata. Unakumbuka siku ya kwanza ya shule? Mwalimu aliita jina langu, akaliita tena, mimi nimetulia tuli nikiangalia mtoto gani huyo asiyeitika. Nilirudi nyumbani na alama za fimbo, baba akacheka mpaka akakaa chini, wewe ukakasirika ukasema mwalimu hana akili.

Na nimekuona kwa macho yangu mama. Babu akitokea njiani, wewe na kapu lako kichwani unaingia migombani mpaka apite, na yeye anakohoa kwa mbali ili upate nafasi ya kuingia. Alikuwa anakohoa kwa heshima, hana kikohozi chochote. Hata siku ya kunibatiza, baba alinisimulia, mchungaji alipouliza jina la mtoto ulimtazama baba, na mchungaji hakushangaa, kwa sababu ni mtu wa huko. Sasa mtoto mdogo anakuja na kioo chake mkononi, anakutaka uivunje heshima hiyo mbele ya foleni ya kokoa. Thubutu!

Sekela alinitumia picha ya ile fomu, aliipiga kwenye kishikwambi cha kata ya pili. Nikaitambua. Si kwamba nimeitengeneza mimi, la. Nilijua waliotengeneza wametoka wapi.

Hapa inabidi nikueleze kitu. Kuna jukwaa kwenye mtandao, tunakutana watu wa kazi yangu, wanaotengeneza tovuti, Watanzania wengi, Wakenya, na wengine tuliotawanyika kama mimi. Hatujuani sura. Mmoja akikwama anaandika alipokwama, mwenye kujua anajibu, na hakuna anayedai kitu. Ni kama nyinyi kina mama mnavyolimiana mpunga, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Mimi kazi hii nimeijua kwa jukwaa hilo. Unakumbuka nilivyokuwa napanda pale kwenye kichuguu nyuma ya zizi kutafuta mtandao, ukadhani nina msichana? Nilikuwa nauliza maswali huko. Walinijibu watu wasionijua, kwa uvumilivu, na mimi baadaye nikawa najibu wengine. Nalipenda jukwaa lile mama. Ndiyo maana limeniuma hivi.

Vijana waliotengeneza mfumo wa kokoa ni wa humo humo. Wakiwa wanautengeneza waliuliza maswali yao pale na wakasaidiwa. Kiongozi wao anajiita Bwana Mfumo. Basi nikafungua mjadala. Niliandika vizuri, kwa heshima, nikawasalimu kwanza. Nikaeleza kwamba kwetu Kyela mwanamke hamtaji baba mkwe wake, na wengi hata kuliandika jina lile mkono haukubali, na kwamba kina mama wajane ndio wengi wanaolima mashamba yaliyotoka kwa baba wakwe. Nikauliza: tutengenezeje fomu inayohakiki mmiliki wa kwanza bila kumlazimisha mkulima kumtaja? Swali hilo tu.

Loh! Kumbe nimechokoza nyuki.

Wa kwanza akaandika, “Kisanduku cha lazima ni cha lazima. Mila haziwekwi kwenye kodi.” Kodi anayosema si ile ya halmashauri, ndivyo tunavyoyaita yale maandishi ya kuiamrisha kompyuta. Wa pili akasema, “Mwambie bibi ataje tu, hatakufa.” Wa tatu akaweka vikatuni vya kucheka, akauliza, “Sasa mama yako anakuitaje wewe? Oyaa?” Sikumjibu huyo. Niliandika jibu refu, nikalifuta, maana ningelituma ningefukuzwa jukwaani, na mahali pengine ningekamatwa.

Mwingine akajitia kuwa na hekima. Akasema tukianza kusikiliza kila kabila, kesho Wachaga watakuja na lao na Wamakonde na lao, na fomu haitaisha. Nikamjibu, “Sawa, waje! Fomu ni ya nani? Si ya hao hao?” Akasema mimi naleta ukabila. Mimi! Niliyekaa siku nzima namsaidia mtoto wa Lamu nisiyemjua arekebishe tovuti ya duka la shangazi yake!

Bwana Mfumo mwenyewe akaja. “Mfumo ulijaribiwa kabla ya kupelekwa vijijini. Hakuna aliyelalamika.” Nikamuuliza, “Mliujaribia wapi?” Akasema ofisini. “Kwa nani?” Kwa wafanyakazi wenzake. Nikamuuliza kama kati yao kuna hata mjane mmoja anayelima kokoa. Akasema mimi ni mshamba niliyepata bahati ya kupanda ndege, na kwamba kwao mila hizo ziliisha zamani, siku hizi ni hadithi za wazee.

Kwao! Mama, nikaenda kuangalia jina lake kamili. Jina la ukoo linaanza na Mwa-! Mtu wa kwetu kabisa! Kazaliwa Dar, kakulia Dar, Kyela anaisikia kwenye magunia ya mchele. Nilipandwa na mori nikasimama pale kazini, bosi akapaza sauti kuuliza kama naumwa. Nikasema ndiyo.

Katika kelele zile zote alikuwepo mmoja tu aliyesema la maana. Ni dada mmoja wa Hanang, Mbarbaig, anafanya kazi hii Babati. Aliandika, “Jamani, mnacheka nini? Mama yangu jina la baba mkwe wake hajawahi kulitamka, na hata vitu vyenye majina yanayokaribiana nalo anaviita kwa majina mengine. Kwetu kuna kina mama wana maneno tele ya namna hiyo. Hawa si watu wasiojua. Acheni kuwauliza kwa mdomo, waonyesheni waguse.” Na papo hapo akaeleza itakavyokuwa: majina yatolewe kwenye daftari la zamani, yajitokeze kwenye kioo manne au matano, mkulima aweke kidole kwenye la kwake. Kuonyesha si kutaja. Mama, nilisoma maneno yake machozi yakanilenga hapo hapo kwenye kiti cha kazi. Ndicho ulichomwambia yule karani. Nikuonyeshe.

Nikapangusa macho ili nimshukuru, kurudi kwenye kioo nakuta mjadala umefungwa. Wasimamizi wameandika kwa juu: “Si swali la kiufundi.” Huwezi kujibu, huwezi kuongeza, kufuli. Mtu akiuliza namna ya kuweka picha ya kiatu izunguke, hilo la kiufundi. Mtu akiuliza namna mama yake asipoteze shamba, hilo siasa. Nimewaandikia wasimamizi, nimewaandikia tena, wananijibu kwa maneno yaleyale yaliyopangwa tayari, kama kuongea na mashine ya benki.

Sikukubali. Nilimtumia Bwana Mfumo ujumbe wake peke yake. Nilianza na matusi, nikayaondoa. Nilichobakiza, pamoja na namba yangu ya simu, ni hiki: “Ndugu yangu, usiniamini mimi. Nenda nyumbani kamuulize mama yako baba mkwe wake aliitwa nani. Akikutajia, nitaandika pale jukwaani kwamba mimi ni mwongo na mshamba, na nitaondoka.”

Siku zikapita. Nikasema ameogopa, au amepuuza. Nikaendelea na kazi, kila simu ikilia naruka. Kisha siku ya Jumapili, natoka kanisani, namba ngeni inapiga. Ni yeye. Hakusalimu.

“Kaka, nimemuuliza.”

“Ehe. Akasemaje?”

“Alikuwa anaangalia tamthilia yake. Nikamuuliza kama natania tu. Akaongeza sauti. Nikarudia. Akaniambia nikamuulize baba. Nikamwambia, mama, kwani wewe hulijui? Akasema analijua kuliko mimi, na niondoke mbele ya televisheni.”

Nilitaka kucheka, nikajizuia, maana sauti yake haikuwa ya mtu wa kuchekwa. Kisha akasema, “Kuna kingine. Kaka yangu mkubwa ana jina la babu. Mama tangu tuko wadogo anamwita Bosi. Bosi njoo ule, Bosi umechelewa. Sisi siku zote tulidhani anamtania. Hata kwenye harusi yake, mama alisimama kutoa nasaha akamwita Bosi mbele ya ukumbi mzima, watu wakapiga vigelegele. Kaka, mimi miaka yote hii sijawahi kujiuliza.”

Nilikuwa nimejiandalia maneno makali ya wiki nzima, nimeyanoa, yote yakaniishia. Nikamwambia, “Pole.” Akasema, “Mama yangu angesimama kwenye ile foleni, wangemcheka.” Nikasema ndiyo, wangemcheka. Mimi nilivyo, nikaongeza, “Na kwa kazi ya mikono yako.”

Usidhani hasira iliishia pale. Nilimwambia kuona aibu peke yake hakumpi mama yangu namba. Basi tukaanza, mimi, yeye na yule dada wa Hanang. Dada ndiye aliyekuwa kichwa chetu, sisi wengine tulikuwa tunabebwa. Tuligombana sana. Bwana Mfumo alitaka kile kisanduku cha kusema kibaki, cha kugusa kiwe kwa wanaoomba. Dada akamkatalia. Alisema mwanamke hawezi kusimama mbele ya foleni aombe asamehewe heshima yake, kila mtu aguse, wanaume kwa wanawake, yaishe. Tukafanya hivyo. Mimi nikang'ang'ania jambo la pili, lile la jina la mtoto. Bwana Mfumo akasema bila jina la kitambulisho haiwezekani kabisa. Nikamwambia jina la kitambulisho nitajaza mimi kwa simu yangu, kwa nini aulizwe mama? Mama aulizwe kitu kimoja tu: mtoto wako unamwitaje? Akasema, “Kama Bosi.” Nikasema, “Kama Bosi.” Akakiweka.

Imekubaliwa mama. Wakubwa wake walizungusha maneno, lakini wamekubali, na sasa imeshaingia kwenye vishikwambi vyote vya huko. Na lile neno “hajulikani” limeondolewa kabisa, haliwezi kuandikwa tena juu ya shamba la mtu. Lile nililidai mimi, na sikumwachia mtu nafasi ya kupumua.

Mjadala wetu kule jukwaani bado umefungwa mpaka leo. Si swali la kiufundi! Mfumo mzima wa kokoa umebadilishwa kwa swali ambalo si la kiufundi! Nitawaandikia tena, na watanijibu tena yaleyale, na nitaandika tena. Yule aliyeuliza kama unaniita oyaa, juzi amekwama na tovuti yake, akaomba msaada. Nililijua jibu. Nikakaa nalo muda mrefu nikinywa chai yao chungu. Mwishowe nikamjibu, kwa sababu mimi pia nilijibiwa nikiwa juu ya kichuguu. Lakini sikumsalimu.

Sasa nakuomba mama, na hapa ndipo barua yote ilipokuwa inaelekea. Rudi ghalani. Najua ulichosema, na najua ukisema umesema. Lakini msimu unakaribia, na usipokuwa na namba kokoa itakwenda kwa walanguzi wa barabarani, na shamba litabaki kwenye yenye utata, na kesho akitokea mtu wa kulidai tutakosa pa kuanzia. Aliyelipanda hakulipanda ili lifike hapo. Nenda na Sekela. Vaa lile gauni la Pasaka. Usiende kama mtu aliyekosa, hukukosa kitu.

Karani hatakuuliza jina la mtu yeyote. Atakugeuzia kioo. Utaona majina, la kwake litakuwemo. Usilisome kwa kutamka, weka kidole tu, ondoa. Imekwisha. Akijaribu kukuuliza kwa mdomo, mwambie Sekela anipigie palepale, nitaongea naye mimi, na atatamani angezaliwa bubu.

Nisalimie mzee jirani yetu, mwambie nimesikia alivyojaribu kukutetea na sitamsahau. Msalimie mjomba wa Ngana, na mchungaji na mama mchungaji. Yule mama wa kando ya ziwa anayetuletea vyungu akipita, mwambie kile kidogo alichonipa bado ninacho, napikia maharage, na wenye nyumba wanakishangaa. Sekela mwambie aache kulia kwanza ndipo apige simu, nusura aniue kwa presha. Pale kwenye migomba, ukipita kupalilia, mkoholee babu kaburini mwake kwa niaba yangu. Ndaga fijo, asante sana mama, kwa yote.

Imebaki moja. Ukishagusa kile kioo, karani atakuuliza mtoto wako mkubwa unamwitaje. Usinong'one. Sema kwa sauti, foleni nzima isikie, na wale waliocheka wasikie vizuri zaidi. Hatakuuliza la kitambulisho, upande huo nimeshajaza. Ataandika utakachosema wewe, na kisanduku kitakubali.

Mwanao,

Mche